Bei ya Kashi Kubwa

Kabambare, tarehe 4 Februari 2024

Kwako Pitchou, mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mama yake Chadrack, ule mutoto aliyeshinda kwenye duka lako la ordineta kule Kasongo miaka mitatu, akilala kwenye benchi lako na kula chakula cha muke wako. Siku ya kumuzika nilikuona umesimama karibu na ukuta. Nilitaka kukusemesha, nikageuka, ulikuwa umeshaondoka.

Ninakuandikia juu simu hapa inashika kule kilimani tu, na pale watu wanakaa kusikiliza maneno ya wenzao kama wanasikiliza radio. Neno langu silitaki mule. Barua inaletwa na Djuma wa pikipiki. Ninamufahamu tangu akiwa mudogo, hataifungua.

Niko na ulizo moja. Mwezi wa nane mwaka uliopita Chadrack alikuja hapa na karatasi mbili. Kwenye kila moja kulikuwa picha ya kitu kidogo cha mraba, anakiita prosesa, akasema ndicho kichwa cha ordineta, ile mashine wengine wanaita kompyuta. Picha ile ile, jina karibu lile lile, lakini bei ya moja ilizidi ya mwenzake karibu nusu. Makuta ya kununua ile ndogo alikuwa nayo tayari, anataka nimutolee ile tofauti. Nikamuuliza, tofauti iko wapi? Akasema: Mama, hii iko na kashi kubwa. Kashi ndiyo nini, inaonekana? Akasema haionekani. Pitchou, mimi ninauza mafuta ya mawese miaka ishirini na mbili. Mutu akiniambia kitu hakionekani lakini kinapandisha bei, ninajua niko mbele ya mwizi. Nilicheka. Nilimucheka mbele ya jirani. Akanuna siku mbili, halafu akasema anakwenda Lusangi kuchimba dhahabu, atafute ile tofauti mwenyewe. Sikumuzuia. Nilimwambia: nenda, shimo litakufundisha bei ya vitu.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia uso kwa uso. Tarehe kumi na mbili Novemba shimo likamwangukia.

Wewe ndiye fundi wake. Niambie ukweli: ile kashi ilistahili bei yake, ao haikustahili?

Emilienne

*

Kasongo, tarehe 15 Februari 2024

Mama Emilienne, heshima kwako,

Barua yako nimeipokea, imeingia matope mpaka ndani ya bahasha, lakini inasomeka. Pole sana, Mama. Hakuna mtu aliyekaa kwenye lile benchi tangu aondoke. Wateja wenyewe wanalizunguka.

Nikueleze kashi kwa kitu unachokijua. Wewe una meza sokoni, na nyumbani una mapipa ya mafuta. Mteja akitaka chupa na chupa iko mezani, unampa palepale. Ikiwa haipo, unatuma mtu nyumbani, na mteja anasimama juani. Prosesa nayo ina depo yake ya kumbukumbu, iko mbali kidogo, na ina meza ndogo iliyo karibu kabisa na mkono wake. Ile meza ndiyo kashi. Ikiwa kubwa, prosesa haitumi mtu nyumbani kila mara. Haionekani, lakini ipo, na kuitengeneza ni kazi ngumu. Si wizi.

Halafu ujue mwanao alikuwa nani huku. Kila prosesa inatoka kiwandani na mwendo wake. Kuna mafundi wanaoisukuma ipite mwendo huo bila kuungua, na Chadrack alikuwa mmoja wao. Aliokota ordineta iliyotupwa, akaifunga radiateri ya gari bovu na pampu ndogo, maji ya kisima yakawa yanazunguka kuipoza, na ile maiti ya ordineta ikakimbia kuliko zangu mpya. Watu wa nchi za mbali wanashindana kwa kazi hii kwenye mtandao, na jina lake lilikuwa kwenye orodha yao. Jina la mji wetu wameliandika vibaya, lakini lipo.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Ilistahili. Mwanao hakufuata upuuzi.

Pitchou

*

Kabambare, tarehe 3 Machi 2024

Pitchou, mwanangu,

Nimesoma jibu lako mpaka karatasi imelegea. Asante kwa kumusifu mutoto. Habari ya maji sikuijua. Pasaka ile nyingine alinichukulia sufuria yangu kubwa, nikamufokea wiki nzima, kumbe ilikuwa ya kupozea mashine! Angeniambia tu.

Lakini ujue umenikata. Kama kashi ilistahili, basi aliyekosa ni mimi. Shemeji yangu Magloire, mudogo wa marehemu bwana yangu, anasema hivyo kwa sauti, hata mbele yangu: mama yake ndiye alimutuma shimoni. Tarehe 27 Aprili tunatoa matanga. Katika ukoo wao matanga hayatoki hivi hivi. Kila mutu aliyekuwa na neno na marehemu anasimama, analisema mbele ya wote. Ndiyo tunaoga, tunavua nguo nyeusi. Mimi nitasimama, na ninataka kujua ninasimama kusema nini. Kama nilimunyima haki yake, nitasema nilimunyima. Sitaki kusema uongo siku ile.

Halafu nikaiwaza ile meza yako. Ee Pitchou, meza ninaijua kuliko wewe. Mwaka mumoja nilikodi meza kubwa, mara mbili ya hii. Siku ya soko kubwa, watu wanapokuja kila mutu na haja yake, huyu mafuta, huyu chumvi, huyu sabuni, ilinisaidia kweli. Siku zingine wanakuja wa mafuta tu, mumoja mumoja, na meza inakaa na vumbi, ninailipia bure. Inategemea kazi. Sasa Chadrack alitaka kazi gani na kile kitu? Wewe umeniandikia habari ya kusukuma, mwendo, mbio. Meza kubwa inamusaidia nini mutu anayetaka kukimbia?

Nijibu tena, na mara hii usinibembeleze.

Emilienne

*

Kasongo, tarehe 12 Machi 2024

Mama,

Nina diploma ya informatiki ukutani, na muuza mafuta amenishika. Sawa.

Alitaka kusukuma. Michezo ya kwenye skrini, ambayo ile kashi kubwa inaisaidia kweli, hakuijali, aliiita kazi ya watoto. Na kwa msukumaji ile kubwa haifai. Ile kashi ya ziada wameilaza juu ya prosesa, inaifunika kama blanketi, joto halitoki vizuri, kwa hiyo kiwanda kimeifunga isisukumwe. Inakwenda mwendo waliouweka, basi. Ile ndogo, ya bei ya chini, ndiyo iliyo wazi. Mcheza michezo ningemwambia toa pesa. Kwa Chadrack ilikuwa kulipia kufuli.

Kwa hiyo ulikuwa na haki, Mama. Simama siku hiyo useme ulimkatalia kitu kisichostahili bei yake, hutakuwa umesema uongo, na Magloire anyamaze. Mara ya kwanza nilikujibu vile kwa sababu nilidhani mama aliyefiwa anataka kusikia mwanawe alifuata kitu cha maana. Nisamehe.

Pitchou

*

Kabambare, tarehe 24 Machi 2024

Pitchou,

Leo ni Jumapili ya Matawi. Nimetoka kanisani, niko jikoni na barua yako. Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa na haki! Nimelia mpaka Clémentine, jirani yangu, amekuja kuangalia kuna nini. Hii haki nitaipeleka wapi? Afadhali ningekosa mimi, yeye awe alikufa akitafuta kitu kizuri. Sasa alikufa akitafuta kufuli. Usiku na mchana ninasema hivyo peke yangu, kufuli, kufuli, mutu akinisikia atasema nimerukwa na akili.

Iko neno lingine. Abedi, kijana aliyekuwa anachimba naye, ameleta begi lake juzi. Mashati mawili, kandambili, chaja. Anasema Chadrack alimwandikia fundi wake wa Kasongo barua, na kila pikipiki ikilia alikuwa anapanda barabarani kuulizia jibu. Wenzake walimucheka, wakasema anangoja barua ya mchumba. Jibu likaja. Akalisoma amesimama, akalikunja akalitia mufukoni, akawaambia: haya, wiki tatu tena. Siku ya nane shimo likaanguka. Ile karatasi hatukuipata. Suruali yake ilikuwa udongo mutupu, na karatasi kwenye udongo ule inakuwa udongo.

Kwa hiyo hakuna mutu anaweza kujua kilichoandikwa. Ninakuuliza wewe. Alikuuliza nini, na ulimujibu nini?

Emilienne

*

Kasongo, tarehe 7 Aprili 2024

Mama Emilienne,

Barua yako nimekaa nayo siku kumi. Mke wangu ananiuliza mbona sili. Ningeweza kukuandikia kwamba nilimwambia arudi nyumbani. Niliiandika barua hiyo, mara mbili, nikaichana mara mbili.

Barua yake mwenyewe ninayo. Naiweka ndani ya hii, ni mali yako. Isome kwanza, halafu urudi kwangu.

*

Lusangi, tarehe 30 Oktoba 2023

Mukubwa Pitchou,

Eh, huku ni moto! Mikono yangu huwezi kuitambua, imekuwa ya muzee. Tunachimba, tunaosha, siku zingine tunapata, siku zingine tunapata matope na njaa. Ile tofauti ya bei nimefika nusu.

Ulizo. Mununuzi mumoja wa dhahabu alinipa simu yake yenye mtandao, nikaingia kwa wale wenzetu wanaosukuma. Wanasema ile ya kashi kubwa imefungwa, haisukumiki hata kidogo. Ni kweli? Kama ni kweli ninashuka Alhamisi ijayo, ile ndogo inanitosha, na makuta yake unayo wewe. Kama si kweli ninavumilia wiki tatu tena. Sifanyi kitu mpaka uniambie. Wewe ndiye unajua.

Mvua imeanza, kuta za shimo zinatoa maji. Usiogope, Abedi anajua kuweka miti.

Nafikiri Mama alikuwa na haki. Lakini usimwambie! Atanisimulia mpaka Krismasi. Nitamwambia mwenyewe nikifika.

Ni mimi mudogo wako, Chadrack

*

Mama, nilijua. Siku barua hiyo iliponifikia nilikuwa nimeshajua kwamba ni kweli. Lakini ile kubwa nilikuwa nimeshaiagiza Bukavu na kuilipia, maana Chadrack aliniambia nisiikose, na mfanyabiashara wa kule hapokei kitu kilichorudi. Hapa Kasongo hakuna mtu mwingine wa kuinunua. Nikaona ingenibaki mkononi. Nikachukua kalamu nikamwandikia, na kila neno ninalikumbuka: «Watu wa mtandao wanasema mengi. Kubwa ni kubwa. Vumilia, wiki tatu si kitu.» Nikampa Djuma.

Sikumtakia mabaya. Nilimpenda yule kijana. Nililinda duka langu kwa maneno kumi na matatu, na ile prosesa iko kwenye kabati, boksi halijafunguliwa. Siku ya mazishi niliondoka mapema kwa sababu nilikuona unakuja upande wangu.

Pitchou

*

Kabambare, tarehe 14 Aprili 2024

Pitchou,

Nimesoma.

Alisema nilikuwa na haki. Alitaka kuniambia mwenyewe. Angekuja na ule mucheko wake wa upande mumoja, ningemusimulia kweli mpaka Krismasi.

Siku ya kwanza nilitaka kumupa Magloire barua yako. Vijana wa ukoo wangepanda pikipiki siku hiyo hiyo, na wewe unajua wangekufanya nini. Niliitia kifuani, nikafika mpaka mulangoni kwake. Alikuwa analisha mbuzi, akaniuliza nataka nini, nikasema chumvi. Nikarudi nikaitia kwenye sanduku langu, nikafunga. Sijamwambia mutu.

Njoo tarehe 27. Nitasimama wa kwanza niseme langu, juu na mimi nilimwambia neno baya na sikulirudisha. Halafu simama wewe. Sitataja jina lako wala kukuangalia. Mutu akisema mwenyewe siku ile, hakuna anayemugusa, hata Magloire anaiheshimu hiyo. Usiposema, utabaki nalo wewe na nitabaki nalo mimi.

Emilienne

*

Kasongo, tarehe 24 Aprili 2024

Mama Emilienne,

Mvua zimeharibu barabara, na duka lina kazi nyingi za shule. Hayo nilitaka kuyaandika. Ukweli ni huu: juzi Jumatatu nilipanda pikipiki ya Djuma na begi langu. Tulipofika mto wa kwanza nikamwambia geuza. Akageuza.

Vijana siwaogopi sana. Ninakuogopa wewe.

Nakutumia ile prosesa. Kuna mtu Kindu mwenye chumba cha michezo, ataipokea kwa bei nzuri, jina lake nimeliandika juu ya boksi. Iuze, pesa ni yako. Sina kingine cha kukupa.

Pitchou

*

Kabambare, tarehe 29 Aprili 2024

Pitchou,

Djuma alifika asubuhi ya siku yenyewe, watu wameshakaa. Nilidhani ni wewe nyuma yake, kumbe ni mufuko wa mihogo ya mutu. Akanipa boksi. Nilikifungua kile kitu jikoni peke yangu. Ndicho hiki? Ni kidogo kuliko kipande cha sabuni, hakina uzito. Nilikiweka kwenye kiganja nikakigeuza pande zote mbili. Nilikaa nacho muda murefu, wanawake wakawa wananiita. Djuma anakurudishia pamoja na barua hii. Sitaki kukiuza na sitaki makuta yake.

Nilisimama. Nilisema mutoto aliniomba, nikamucheka mbele ya jirani. Nikayasema maneno ya shimo kama nilivyoyasema. Nikasema kitu hakikustahili bei ile, na bado mutoto alistahili kujibiwa vizuri na mama yake. Kijana wa rika la marehemu ndiye anakaa kwenye kiti chake na kujibu kwa jina lake, na walimuweka Abedi. Akaniambia: «Mama, nimelisikia, limekwisha.» Alilisema vibaya, akarudia. Nilikaa chini.

Magloire akauliza: iko mwingine? Akauliza tena. Nikaangalia barabara. Mara ya tatu akasema basi, tuoge, tuvue. Wakaniletea maji na kikwembe kipya cha kijani. Nikasema hapana, bado iko mutu mumoja. Nani? Sikusema. Magloire alikasirika, akasema ninamufungia mutoto njia, wanawake wakanivuta mukono, wali ukapoa kwenye masahani. Nikasema hapana. Mwisho kila mutu alivua nguo yake nyeusi ila mimi.

Sasa ninakwenda nayo sokoni. Wateja wengine wanapita meza yangu, wanasema ninaleta mikosi. Sikuchukii, Pitchou. Nilitaka kukuchukia, lakini wewe ndiye ulimulisha mutoto wangu miaka mitatu, na wewe ndiye mutu mwingine anayejua alivyocheka. Ninataka usimame kwenye kiwanja changu uyaseme yale maneno kumi na matatu. Abedi amekubali kukaa kwenye kile kiti siku yoyote utakayokuja. Nimemwambia aje peke yake.

Djuma anapanda tena huku Alhamisi. Nafasi ya nyuma ni yako, nimeshailipa.

Emilienne, mama ya Chadrack